Kipepeo Aliyebaki

Kazini walimpachika mume wangu jina la Kimya kwa sababu hakuwa na kimya hata chembe. Aliongea akivaa viatu, aliongea akipiga mswaki, na wenzake waliapa kwamba hata chini ya maji, mdomo umezibwa na mpira wa hewa, alikuwa akiguna hadithi nzima mpaka samaki wanamkimbia. Alikuwa mzamiaji wa kituo chetu cha utafiti, kazi yake kukamata samaki wa kwenye matumbawe. Yangu mimi ni kuwapokea hao samaki: nawapiga picha, nawanyoosha mapezi kwa pini juu ya ubao wa nta, kisha nawatia kwenye dawa wakae miaka mia. Ndivyo tulivyojuana. Yeye alileta, mimi nilipokea, na muda wote huo alikuwa anaongea.

Alikuwa na sharti moja lililomfanya achekwe. Wale samaki bapa wa rangi rangi tunaowaita vipepeo huishi wawili wawili. Wakishaoana wameoana. Wanakula pamoja, wanalala kwenye mwanya mmoja wa mwamba, mmoja akigeuka na mwenzake anageuka. Kimya akitumwa kukamata mmoja wao alikamata wote wawili, na mimi nilitakiwa niwaweke kwenye chupa moja. "Siachi mjane nyuma kwa ajili ya sayansi," alisema. Mkuu wetu wa kituo, mama mmoja asiyependa mzaha saa za kazi, alilalamika kila mara kwamba huo ni upotevu. Lakini Kimya alikuwa fundi wa kuzamia hakuna mfano, na mtu wa hivyo humfanyi kitu zaidi ya kumnunia.

Visiwa tunavyovifanyia kazi viko mbali na kila kitu. Meli ya kituo huenda huko mara moja kwa mwaka, bahari ikitulia. Kuna kipepeo wa njano ambaye hapatikani pengine popote. Halafu miaka hii ya karibuni, maji yalipoanza kupata joto, akaanza kuonekana kipepeo mwingine, mweupe mwenye mistari myeusi ya mshazari, ambaye kwao ni mbali mno. Alikuja akiwa kitoto, amebebwa na mkondo wa bahari kama takataka, akatupwa pale. Nao walikuwa wachache, mmoja hapa, mwingine kule, hata kuonana hawaonani. Basi mgeni alipokosa mtu wa kwao akaoa mwenyeji.

"Kama mimi tu," Kimya alisema. Na kweli yeye alitoka mbali. Siku alipokuja kuchumbia, shangazi zangu walimzunguka wakimkagua juu mpaka chini, mmoja akauliza kwa sauti kwani vijana wa hapa wameisha. Kimya akamjibu kwamba hapana, wapo, ila wanaongea kidogo mno. Shangazi akacheka, na mambo yakaisha hapo.

Kilichokuwa kinatafutwa visiwani ni watoto wa hao wawili, machotara. Kimya ndiye aliyewaona kwanza. Chotara wao ni wa njano kama mwenyeji, lakini mgongoni ana mistari ya mgeni inayoanza vizuri kisha inapotelea ubavuni, kama mtu aliyeanza sentensi akasahau alichotaka kusema. Mwaka juzi alimkamata mmoja pamoja na mwenzi wake wa njano, kwa sharti lake lile lile, akawaleta wote wawili kwenye chupa moja, ameshawatia dawa huko huko melini.

Sasa, kazi yetu ina jambo moja ambalo hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza halikosei. Kabla samaki hajaingia kwenye fomalini, ile dawa yetu, unamkata kipande kidogo cha pezi unakitia kwenye mrija wa spiriti. Fomalini inatunza mwili lakini inaharibu vinasaba. Ukitanguliza fomalini, unabaki na samaki mzuri wa kutazama ambaye hawezi tena kuthibitisha ni mtoto wa nani. Niliigeuza ile chupa dirishani. Mapezi yalikuwa mazima, yote. Nikatafuta mrija kwenye sanduku, haukuwemo.

"Kimya, pezi liko wapi?"

"Pezi gani?"

Aliitazama chupa muda mrefu. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakuwa na la kusema. Kisha akacheka. "Nimezeeka, mke wangu."

Mkuu alifoka mpaka mlinzi wa getini akasikia. Mimi nyumbani nilimtania, nikamwambia ukisahau na njia ya kurudi kwako nitakufungia kengele. Tulicheka wote wawili. Alianza kuacha maji yakitiririka bombani, akawa anauliza swali alilokwisha kuliuliza, na tukaendelea kucheka. Baadaye daktari wa hospitali alituwashia picha ya kichwa ukutani, akatuonyesha uvimbe, akasema ulikuwapo muda mrefu. Akaniuliza kama kuna kitu cha ajabu alichowahi kusahau. Nikamwambia pezi. Hakuelewa, nami sikuwa na nguvu ya kumweleza. Wiki za mwisho Kimya aliishiwa maneno, moja baada ya jingine, mpaka jina lake likawa la kweli.

Baada ya mazishi mama mkwe alikuja akakaa nami. Siku moja akitandika kitanda aliona shuka limekunjamana upande mmoja tu. "Mwanangu, lala katikati," akaniambia. "Kitanda ni chako chote sasa." Nilimwambia nitajaribu. Sikujaribu.

Kisha mkuu akaniita ofisini. Makala kuhusu wale machotara ilikuwa imerudishwa na jarida: bila vinasaba, walisema, hakuna ushahidi, huenda ni rangi tu. Mkuu hakuzungukazunguka. Kituo kingine kilikuwa kinajiandaa kwenda visiwa vile vile. Sisi tukimpata chotara mwingine msimu huu, makala itatoka na jina la Kimya litatangulia. Tukikosa, wao wataandika yao, na kitakachobaki cha Kimya hapa kituoni ni mfano wa pezi lisilokatwa wanaopewa wanafunzi.

"Wameanza kuutoa mfano huo tayari," akasema taratibu. "Nimewasikia."

Nilihisi hasira ikinipanda mpaka masikioni. Mtu ameongea miaka yote ile, amefundisha nusu ya wazamiaji wa kituo, halafu akumbukwe kwa siku moja ambayo ugonjwa ulikuwa umeshamshika na sisi hatujui. Nikasema naenda mwenyewe. Mkuu akanikumbusha kwamba mimi ni mtu wa maabara. Nikamkumbusha aliyenifundisha kuzamia ni nani.

Nilikwenda na shemeji yangu, mdogo wake Kimya, mzamiaji pia, mtu wa maneno machache, nadhani kwa sababu kaka yake aliyamaliza yote wakiwa wadogo. Kwenye meli alinipa kitanda cha chini bila kuniuliza. Kila asubuhi aliukagua mtungi wangu wa hewa, kisha wake, kisha wangu tena.

Visiwani tulizama asubuhi na mchana, mwamba kwa mwamba. Njano tuliwaona wengi. Wageni wenye mistari tuliwaona pia, wachache, na wengine bado wapweke. Chotara hakuonekana. Nahodha akaanza kuangalia mawingu na kuzungumzia safari ya kurudi, na mimi nikaanza kukosa hamu ya chakula. Mwishoni kabisa, mchana tuliokuwa tumepewa kama hisani, tukateremka kwenye mwamba uliochomoza peke yake mchangani. Nao wakatoka mwanyani, wawili, ubavu kwa ubavu. Mmoja alikuwa wa njano tupu. Wa pili alikuwa na mistari inayoanza mgongoni na kupotea.

Niliwatazama zaidi ya nilivyopaswa. Walikuwa wanadonoa matumbawe, wa njano kulia, chotara kushoto. Chotara akigeuka, na yule anageuka. Nikapiga moyo konde, nikauvuta mpira wa mshale wa kuvulia, nikaachia. Nilimpata vizuri, hakuteseka. Nilipomtia kwenye mfuko wa wavu mikono yangu ilikuwa imara kabisa, na hilo lilinishangaza.

Yule wa njano alikimbia. Halafu akarudi. Alikuja mpaka kwenye mfuko, akaugusa kwa mdomo, akazunguka upande wa pili, akaugusa tena. Shemeji akauinua mshale wake. Alikuwa anafanya alichofundishwa na kaka yake, na samaki alikuwa karibu kiasi kwamba hata mtoto asingekosa. Nikaweka kiganja changu mbele ya ncha.

Shemeji alinitolea macho. Nikatikisa kichwa. Akanionyesha mfuko, akanionyesha samaki, akaviweka vidole vyake viwili pamoja: wawili. Nikatikisa kichwa tena, nikaonyesha juu.

Kwenye boti sikuvua hata nguo za kuzamia. Nilimlaza chotara kwenye trei, nikachukua mkasi, nikakata pezi kwanza. Nilikitia kile kipande kwenye mrija wa spiriti, nikaukaza mfuniko, nikamwonyesha shemeji. Aliutazama, akaitikia kwa kichwa, lakini uso ulikuwa umemkunjamana.

"Shemeji, ungeniacha," akasema mwishowe. "Unajua kaka alikuwa anafanyaje."

"Najua."

"Alisema haachi mjane."

"Kaka yako alikuwa anajua habari za kuondoka. Kubaki hakuwahi kubaki yeye."

Nami nilikuwa nimeshawaka, sikuweza kujizuia. "Ulitaka nimuue kwa sababu amefiwa? Ndiyo dawa yake hiyo?"

"Sikuwa na maana hiyo."

"Najua hukuwa nayo."

Alijisogeza akakaa pembeni yangu, bega kwa bega, tukiitazama ile trei. Baada ya muda aliniambia kwamba naye anamkumbuka, ila hajui aseme nini, maana aliyekuwa anasema ni kaka. Hapo ndipo nililia. Nililia kwa sauti, nahodha akaenda mbele ya boti akajifanya anakagua kamba.

Asubuhi yake, kabla ya kung'oa nanga, niliomba kuteremka mara moja. Shemeji alikuja nami bila mshale. Yule wa njano alikuwa pale pale. Anatoka mwanyani, anakwenda mpaka mahali walipozoea kula, anadonoa kidogo, kisha anageukia kushoto na kusimama. Anasubiri. Halafu anarudi mwanyani, anachungulia ndani, anatoka tena. Nikiwa na miwani ya kuzamia usoni sikuweza hata kujifuta. Nilikuwa nimejisifu moyoni kwamba nimemwachia uhai, na kumbe uhai niliomwachia ndio ule, wa kugeukia kushoto. Kama shemeji angekuwa na mshale wake saa ile, sijui ningeizuia ncha au ningemwomba aachie.

Vinasaba vilisema alivyosema Kimya tangu mwanzo: baba mgeni, mama mwenyeji. Makala ilitoka, jina lake likatangulia, likiwa na alama ndogo pembeni ya kuonyesha kwamba ni marehemu. Mkuu aliichapisha kwa karatasi nzuri akaibandika mlangoni mwa chumba changu cha kazi, na mfano wa pezi haukutolewa tena kwa wanafunzi. Nilichokitaka nilikipata. Kwenye rafu ya vipepeo sasa kuna chupa mbili zinazofuatana. Ya Kimya ina wawili, yangu ina mmoja. Nikipangusa vumbi, ya kwake naipangusa haraka.

Mwaka huu sikwenda. Shemeji alikwenda, na aliporudi alipitia nyumbani moja kwa moja, begi bado liko begani, chumvi imemkaukia shingoni. Alikaa kwenye kiti cha karibu na mlango. Nilimwekea chai. Hakuinywa.

"Nilikwenda kwenye ule mwamba," akasema, akanipa simu yake.

Ni video fupi. Maji ni masafi, mwamba ni ule ule, na yule wa njano anatoka mwanyani. Amenenepa hata. Anadonoa kama samaki yeyote mwenye afya. Lakini anaogelea pembeni mwa mwamba, na kushoto kwake ameacha nafasi ya kutosha samaki mmoja.

"Wapo wengine pale," shemeji akasema. "Wanakuja, wanamzunguka. Yeye hawafukuzi. Ila hawafuati."

Nilikuwa nimeomba apate mwingine. Mwaka mzima niliomba hivyo, kwa maneno hayo hayo. Nilipoona hajapata, moyo ulifurahi kabla sijauzuia, kisha ukaniuma kuliko nilivyozoea. Niliirudia ile video mpaka shemeji akanyoosha mkono taratibu akaichukua simu yake.

"Anaendeleaje lakini?" nikauliza, kana kwamba sikuona.

"Anakula," akasema. "Anazunguka. Yupo."

"Basi mwambie mama yako kwamba na mimi nipo."

Alipoondoka niliosha kikombe chake, nikaingia chumbani kutandika kitanda ambacho asubuhi nilikiacha hivyo hivyo. Nilinyoosha shuka la upande wangu. Upande wa pili haukuhitaji kunyooshwa.