Chemchemi Kongwe Mbili

Pale Roccasorda, kijiji cha milimani, hakuna aliyemwita Liberato kwa jina lake la ukoo. Babu wa babu yake aling'atwa sikio na nguruwe, na tangu siku hiyo ukoo mzima ukaitwa Sikio Moja, hata watoto waliozaliwa na masikio yao mawili mazuri kabisa. Barua zikija, tarishi anauliza tu, "Sikio Moja wa juu au wa chini?" na barua inafika. Liberato alijivunia jambo hilo kuliko alivyojivunia pensheni yake.

Kisha Mkoa ukafunga hospitali ya bondeni. Watu mmebaki wachache, waliambiwa, vijana wenu wako Torino na Ujerumani, huku juu wamesalia wazee na kondoo. Liberato aliziba barabara kwa trekta lake siku tatu mfululizo, mvua ikimnyeshea. Haikusaidia kitu. Wodi zikafungwa, ikabaki zahanati ya kupimia presha, nayo ikifika saa sita mchana imeshafunga mlango. Simu za dharura zikawa zinapokelewa mjini, nyuma ya milima, na watu wasiojua Roccasorda iko upande gani wa dunia.

Haukupita mwezi, meya akaita mkutano. Meya alikuwa Ersilia, binti wa fundi viatu, mwanamke mkweli lakini mwenye ulimi mwepesi.

"Ndugu zangu," alisema, "kituo cha dharura kinataka kila nyumba iwe na jina la barabara na namba. Vibao vimeshakuja. Ni vya bure."

Liberato akasimama. "Wamechukua hospitali, wametuletea vibao! Ukinyang'anywa mkate ukapewa sahani tupu, utashukuru?"

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Naye, kwa kuwa makofi ni matamu, akaongeza: "Wanaotiwa namba masikioni ni ng'ombe!"

"Basi wewe una nafuu, Sikio Moja," Ersilia akajibu. "Utatiwa moja tu."

Loo! Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Liberato naye akacheka, lakini cheko la mdomoni. Moyoni palikuwa pamechomwa, na mwanamume aliyechekwa hadharani na kijiji chake hushika lolote litakalomrudishia heshima. Kesho yake akaanza kupita nyumba kwa nyumba. Ukipokea kibao, aliwaambia, umekubali hospitali ifungwe. Watu walimpenda, walikumbuka lile trekta mvuani, wakamfuata. Vibao vikarudishwa stoo ya manispaa.

Ersilia akaja mwenyewe hadi nyumbani kwake.

"Mzee wangu, ule ulikuwa utani. Nisamehe. Chukua chako tu, wengine watafuata."

"Kichukue, wewe," mkewe Incoronata akasema kutoka jikoni, "kwani kitakula nini?"

"Hapa tunajuana," akasema Liberato, na mlango akaufunga yeye. Sikio la kufa halisikii dawa.

Miaka miwili ikapita bila jambo. Mwezi wa nane ukafika, wakati wa kupika nyanya za mwaka mzima. Asubuhi ile sufuria kubwa ilikuwa inachemka uani, chupa zimeoshwa zimepangwa mezani, Incoronata anakoroga huku akimsema mumewe.

"Hiyo chupa umeiosha au umeibatiza? Tazama udongo ule."

"Ni kivuli, mama."

"Kivuli chako wewe."

Hakumaliza. Mwiko ulimtoka mkononi, akashika kifua, akakaa chini taratibu kama mtu anayetafuta kitu sakafuni. Uso ulikuwa umebadilika rangi.

Liberato akakimbilia simu ndani. Binti wa kituo cha dharura alipokea haraka.

"Anwani, mzee?"

"Kwa Sikio Moja! Roccasorda, Chemchemi Kongwe. Mke wangu, moyo! Njooni upesi!"

"Barabara gani? Namba ngapi?"

"Namba gani tena, binti? Chemchemi Kongwe, kila mtu anapajua!" Akaitupa simu mezani, akarudi uani kumshika mkewe.

Sasa, sehemu ziitwazo Chemchemi Kongwe ni mbili. Iko hii, na iko nyingine ng'ambo ya korongo, nayo ni ya Roccasorda hiyo hiyo. Wenyeji hawazichanganyi kamwe, kwa sababu mtu akitaja Chemchemi Kongwe wanamtazama ni nani aliyesema. Lakini simu haina uso.

Baada ya dakika ishirini na tano akasikia king'ora, akamshukuru Mtakatifu Rocco kwa sauti. Kisha akainua macho. Gari jeupe la wagonjwa lilikuwa likipanda ng'ambo. Kwa macho, ni hapo tu, unaweza hata kuhesabu madirisha ya nyumba. Kwa barabara, unashuka hadi mtoni, unavuka daraja, unapanda tena, kilomita kumi na nne za kona. Liberato akavuta kitambaa cha meza, chupa zikaanguka na kupasuka, akakimbilia ukingoni akakipunga kwa mikono miwili.

"Huku! Huku jamani! Ni huku!"

Ng'ambo, mtu mmoja aliyevaa nguo za rangi ya machungwa akageuka. Akainua mkono.

Walipofika uani hatimaye, saa nzima na ushei ilikuwa imekatika. Incoronata alikuwa ameshaacha kumjibu.

Nyumba yenye msiba haiwashi jiko, hivyo majirani walileta supu ya kuku, jibini na mkate, wakakaa kumzunguka Liberato. Kila aliyeketi aliulaani Mkoa.

"Wamemuua, wauaji wale."

"Hospitali ingekuwepo bondeni, mama angekuwa hai."

Lilikuwa neno la kweli, na Liberato alilishika kwa nguvu zote, kwani jingine lilikuwa zito mno. Ersilia alikaa kwenye kona, macho mekundu. Angeweza kusema neno moja tu, vibao. Hakulisema.

Ndipo akaingia binti asiyejulikana na mtu, amevaa nguo za kawaida.

"Mimi ni muuguzi wa lile gari," alisema. "Mzee, nilikuona. Ulipokuwa ukipunga kitambaa, nilikuona vizuri kabisa. Nilidhani unatusalimia. Nikakupungia na mimi."

Minong'ono ikapanda chumbani. Mwanamume mmoja akainuka. "Kumbe ni wewe! Una uso wa kuja hapa?"

Liberato aliona jinsi ingekuwa rahisi. Anyamaze tu, na msichana yule angeubeba mzigo wote hadi uzeeni kwake.

"Kaa chini, Vitale," akasema. Akamshika binti mkono. "Usiniombe msamaha, mwanangu. Ulikuja pale nilipokuita. Mimi ndiye niliyezuia vibao. Nilipita kila nyumba hapa, na hawa wote ni mashahidi."

Hakuna aliyemtazama usoni.

"Kwa nini, mzee?" binti akauliza kwa sauti ndogo. Kweli hakuwa akijua.

Liberato alitafuta lile la hospitali, lile la Mkoa, lile la mkate na sahani. Yote yalikuwapo, na yote hayakutosha.

"Walinicheka, binti," akasema. "Walinicheka mara moja tu."