Behewa Zima

Mama Adrienne alisugua masizi ya miaka minne kwenye dari ya behewa, kwa majivu na kipande cha chandarua kilichochakaa. Masizi yalikuwa yake. Tangu ziwa lilipopanda na kumeza nyumba yake, alipika humu, alilala humu, na humu ndimo binti yake Laure alimolala sasa, siku ya tatu tangu ajifungue, juu ya benchi la daraja la pili.

"Pale pembeni bado, Mama," alisema Camille, bwana wa biro ya urithi, ofisi iliyotaka kuligeuza behewa makumbusho. "Wageni watafika saa nane."

"Papa Camille, kwa nini mulichagua hii? Mabehewa yalikuwa kumi na moja."

"Ingine yote watu walikata vyuma." Camille alipapasa fremu ya dirisha kama mtu anayenunua mtumbwi. "Hii tu njo nzima. Haina kutu. Vioo vyote viko."

Mama Adrienne alihamia pembeni, akasugua. Ni yeye aliyepaka paa lami. Ni yeye aliyepaka bawaba mawese, hata wiki ambazo mboga ililiwa bila mafuta. Wakata vyuma walipokuja na misumeno, aliketi mlangoni na mchi wake mpaka wakaenda zao. Angeliacha lioze, nani angelitamani?

"Sasa iko ya watu wote," Camille alisema.

"Na sisi tuko watu wa nani?"

Camille alicheka kwa adabu. "Mama, karatasi ya biro inasema behewa iko tupu. Muntu hahamishwi pahali asipokaa. Njo maana hakuna kiwanja cha kuwapa."

Saa sita Laure alishuka ngazi taratibu, mtoto kifuani, akaketi juu ya reli. Godoro na sufuria vilimfuata. Camille akavuta mlango, haukufungika. Akausukuma kwa bega, akaupiga teke, akatukana kwa Kifaransa. Polisi aliyekuja naye akaokota nondo.

"Acha," Mama Adrienne alisema. "Utapasua vioo."

Akapanda ngazi. Mlango ule ulitaka kuinuliwa kidogo kwa goti, kisha kuvutwa polepole. Ukaingia mahali pake bila kelele. Camille akatia kufuli.

"Umeona?" alimwuliza polisi.

"Sijaona vizuri, chef."

Camille akafungua kufuli, akamgeukia Mama Adrienne. "Fanya tena, Mama. Polepole. Huyu njo atakuwa mulinzi, lazima ajue."

Kule juani, mtoto alianza kulia. Mama Adrienne akaweka goti kwenye mlango.