Musimuulize, Mumwambie

Hapa Kindu, muntu akitoka kupasuliwa, kila ndugu anamuinamia kitandani na kumuuliza: "Unanijua? Mimi nani?" Hivyo njo mapendo yetu. Wakati wa vita mama yangu alipasuliwa tumbo, madirisha yamefungwa kwa kuogopa risasi, na sisi wote tulimuuliza hivyo asubuhi na jioni. Hakutujibu. Akili yake haikurudi mpaka akafa, na watu wakasema amerogwa.

Kwa hiyo mwaka huu bwana yangu Lukusa, aliyefanya kazi ya reli maisha yote, alipoanguka na baiskeli akavunjika nyonga, niliogopa ule usingizi wa kupasuliwa kuliko kisu. Nilimwambia Nathalie, munganga anayelalisha wagonjwa: "Mutoto yangu, usinirudishie mwili bila muntu ndani."

Hakucheka. Alisema wazee wengi wanachanganyikiwa baada ya kupasuliwa, wala si uchawi, na mara nyingi inaweza kuzuiwa. Angemuchoma sindano ya mugongo, miguu tu ife ganzi. "Kazi nyingine ni yako, mama. Akitoka, muvalishe miwani. Umunyweshe maji. Dirisha wazi muchana, kimya usiku. Na musimuulize ninyi ni nani. Mumwambie."

"Hiyo njo dawa?"

"Njo dawa."

Nilidhani ananichezea.

Walimupasua vizuri. Lakini Jumatatu jioni Lukusa akanishika mukono, akanong'ona: "Mama, jifiche chini ya kitanda, basoda wamefika na bunduki." Mimi, bibi yake, ananiita mama kama muntu wa njiani! Ee Mungu wangu! Nikakimbia kumuita Nathalie. Nathalie alikuja, akamupima homa, akamupa dawa ya maumivu, lakini ya usingizi akakataa kumupa, ingemuchanganya zaidi. Akaniambia niendelee tu na ile kazi yangu.

Nikaendelea, tena kwa hasira. Kesho yake shemeji Mpoyi akaingia, akainama: "Yaya, mukubwa wangu, unanijua?" Nikamuvuta shati. "Jitaje! Hapa si mutihani!" Masikini, akasimama wima kama anaapishwa: "Mimi Mpoyi, mudogo wako. Leo Jumanne. Uko hospitali, nyonga yako imetengenezwa." Watu wa kwaya anayoimba Lukusa nao niliwapanga mulangoni, mumoja mumoja, na aliyekosea nilimurudisha nje.

Kati ya mumoja na mwingine nilisema mimi. "Mimi Victorine, bibi yako. Jumanne. Jua linawaka, mboga ya sombe iko motoni." Nilisema mpaka sauti ikapasuka, na wagonjwa wa vitanda vingine wakaniita redio. Moyoni nilitamani neno moja tu: unanijua? Nikauma ulimi.

Alasiri Lukusa akainua kichwa. Akatazama dirisha muda murefu, halafu akanigeukia. Nakuapia, niliiona akili yake inarudi usoni, pale pale mbele ya macho yangu. Nilishaona watoto wanazaliwa, nilishaona watu wanakufa, lakini jambo kubwa namna ile sijaliona.

"Victorine," alisema.

Nikapiga magoti sakafuni.

"Nilikuwa porini, basoda wanatuzunguka. Nikasikia mwanamuke anapiga kelele kwamba ni Jumanne. Nikawaza: wakati ule tulinong'ona tu, hata watoto tuliwaziba midomo. Kama bibi yangu anaweza kupiga kelele namna hii, basi vita imeisha. Nikatoka."