Turubai la Mwenyekiti

Hashiru, mwenyekiti wa kijiji cha Mkongoroni huko Kisarawe, alikuwa ameitisha mikutano mpaka sauti ikamkauka. Wilaya ilitaka wanakijiji wakae wapitishe eneo la zahanati. Akidi isipotimia, zahanati inakwenda kwa majirani. Watu wakaitikia vizuri sana, kisha wakaenda zao shambani.

"Hawa hawaji ila mtu akifa," akasema mama yake, Bibi Mwanamkuu, huku akitafuna tambuu. "Funga turubai la msiba hapo uani, uone."

Hashiru akacheka, halafu akalifunga. Mkongoroni mkutanoni huwapati, lakini msibani hawangoji kuitwa. Wakiliona tu lile turubai la bluu, jembe linatupwa. Kabla ya adhuhuri ua ulifurika, wanawake na unga kichwani, wanaume na makoleo begani. Bibi Mwanamkuu akawakaribisha mwenyewe, mzima wa afya. Evodius, mtendaji wa kijiji, ambaye huja kazini kwa pikipiki kutoka Misugusugu siku anayojisikia, akawahesabu kwa furaha. Zahanati ikapita bila kupingwa. Watu wakarudi na unga wao, wamenuna.

Haukupita muda mrefu, Bibi Mwanamkuu akafa kweli.

Hashiru akafunga turubai asubuhi, akasubiri. Hakuja mtu. Mama alitakiwa kuzikwa siku ileile, na kaburi halijachimbwa. Akaenda mwenyewe kwa jirani yake Zuwena, akamkuta anatwanga.

"Safari hii tunapitisha nini?" Zuwena akauliza bila kuacha mchi.

"Mama amefariki."

"Hata mara ile palikuwa na msiba, mwenyekiti. Marehemu akatukaribisha mwenyewe."

Kila nyumba alijibiwa hivyo hivyo, kwa vicheko. Hashiru akarudi akakaa chini ya turubai lake peke yake. Uchungu ulimshika, na aibu ikauzidi uchungu: mama aliyekuwa hakosi mazishi ya mtu hana hata wa kumbeba.

Jua likiwa limeshaanza kuinama, pikipiki ikasimama. Evodius alikuwa ameliona turubai akiwa barabarani.

"Mwenyekiti, mbona hukuniambia kuna mkutano?" Akatazama mabenchi matupu, akatikisa kichwa. "Lakini akidi haijatimia. Tuahirishe?"

Hashiru akainuka, akafunua pazia la chumba cha mama yake.

"Ajenda ni moja tu, Evodius, na haiahirishiki. Chukua koleo."