Ndani ya Mabano ya Baba

Fomu ilikuwa imelala kando ya kibodi tangu Jumatatu, na kikombe cha chai kilikwisha kuacha duara juu ya jina la baba yake. Ilitaka saini moja tu. Akishaitia, mzee angebaki katika makao ya wazee siku zake zote, na nyumba yake ya vyumba viwili ingepewa mpangaji mwingine. Kitinda, kama baba alivyomwita yeye mziwanda wake, alikuwa amechoka hata kalamu aliiona nzito.

"Saa tisa tunafunga orodha ya wakaazi wa kudumu, dada," msimamizi wa makao alimkumbusha kwenye simu asubuhi hiyo.

"Mzee mwenyewe anasemaje?"

"Kwetu hasemi kitu. Anasema amekuandikia wewe."

Na kuandika aliandika, kila Jumapili, kupitia ukurasa ambao Kitinda mwenyewe aliwatengenezea wazee wa pale. Lakini barua gani zile! Nimekula. Mvua imenyesha. Goti halijambo. Miezi minane ya mvua na goti, naye kila Jumatatu akijibu: "Nimefurahi goti halijambo, baba." Mwanzoni zilimuuma. Baadaye, kusema kweli, zilimpa nafuu. Baba hakuomba kitu, naye hakuwa na nguvu za kutoa kitu.

"Dada, ukurasa wako wa wazee una tundu," alisema Miwani, mtengeneza tovuti mwenzake wa meza ya pili.

"Tundu gani tena, jamani?"

"Unachukua alichoandika mtu, unakikabidhi kivinjari kizimakizima, nacho kinakigeuza kuwa sehemu ya ukurasa. Chochote kilicho ndani ya mabano ya pembe kinadhaniwa ni amri. Siku mhuni akipenyeza amri zake, utatafuta pa kuficha uso."

Alijua. Mstari ule aliuandika juma baba alipohamia makaoni, macho yakijifumba kwa usingizi, akajiambia ataurekebisha kesho. Sasa aliubadilisha kwa dakika mbili: maandishi yawekwe kama maandishi, yasigeuzwe chochote. Kisha akafungua barua ya kujaribia, ile iliyokuwa karibu zaidi, ya baba, ya Jumapili iliyopita.

Nimekula. Mvua imenyesha. <Watu wa hapa ni wema, ila usiku nauwaza mlango wangu.> Goti halijambo. <Kitinda, nirudishe nyumbani.>

Lo! Mabano ya baba! Miaka thelathini mzee alikuwa msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji, na alichokitia ndani ya pembe zile kilikuwa cha macho ya mpangaji herufi peke yake, si cha kuchapwa. Mazoea yakamfuata hadi nyumbani, kwenye vikaratasi alivyoviacha chini ya chupa ya chai: Uji upo jikoni. <Nilikusikia ukilia jana. Leo nitawahi kurudi.> Kitinda alikua akisoma vikaratasi hivyo. Na kivinjari, kilipoziona pembe, kilidhani kinaamrishwa, kikashindwa kuielewa amri, kikaonyesha patupu.

Alifungua nyingine, na nyingine. <Nimekuwekea kiti dirishani.> <Kama kazi imekuzidi, usijisumbue.> Halafu ya mwezi wa tano: <Yale mengine hunijibu. Nimekuelewa, mwanangu.>

Alifunika mdomo kwa kiganja. Miwani alimtazama, akainuka polepole, akaenda kusimama nje.

Alimpigia baba.

"Kitinda? Mbona simu? Kuna msiba?"

"Hapana, baba. Goti vipi?"

"Goti halijambo."

"Na yale mengine?"

Alisikia kiti kikivutwa.

"Ulikuwa unayaona?"

"Nimeyaona leo, baba. Leo hii. Kosa ni langu, ukurasa wangu ndio uliokuwa ukiyameza."

"Leo," mzee alirudia. "Mimi nilidhani umeamua nibaki huku."

"Sijaamua kitu. Niambie sasa. Yote."

Mzee alikohoa, akaanza kwa mvua. Saa tisa kamili simu ilitetema sikioni; akaitupia jicho: msimamizi. Kitinda hakuipokea, wala fomu hakuitia saini. Baba alikuwa bado anaongea.