Joto la Mtu Aliyekaa

Jana usiku niliota maktaba mpya ya chuo inafunguliwa, nami nimechelewa. Maktaba hiyo tuliisanifu wawili, mimi na mume wangu Senkondo, sote wahandisi. Mimi nilichora taa, yeye akachora hewa: madirisha na mashine ya kupoza. Alifariki kuta hazijapigwa plasta.

Naingia ukumbini, nakaa nyuma. Taa za upande wangu zinazima.

"Hapo hakuna mtu," kinasema kihisi cha darini. Ni kile kidude cheupe kinachowasha taa mtu akitikisika na kuzima akitulia, umeme usipotee bure. Kina sauti ya karani wa mapokezi.

"Mimi nipo," nasema.

"Hujatikisika tangu mazishi."

"Nakwenda kazini kila siku."

"Kwenda kazini si kutikisika. Sheria ni yako mwenyewe, Mhandisi Nanzia. Asiyetikisika hayupo."

Ni kweli niliiandika mimi. Mgeni rasmi akaja akaweka koti lake mapajani mwangu, kama mtu anavyoweka koti kwenye kiti kitupu. Nikalishika lisianguke.

Natoka nje. Mlango wa ukumbi unafungukia jikoni kwa mama mkwe wangu, kule kijijini Usangi. Anakoroga makande. Mashine ya kupoza imekaa kwenye kigoda karibu na moto, kubwa kama kabati, imechoka.

"Shikamoo mama," nasema.

"Marahaba mwanangu. Msikilize huyu, ana shida."

"Mumeo alinifundisha kupima," inasema mashine. "Kila mtu aliyekaa hutoa joto lake, nami hulipoza. Umeingia ukumbini peke yako. Nimepima joto la watu wawili kwenye kiti chako."

Mama mkwe anaacha mwiko. "Unasema mwanangu yupo?"

"Sisemi yupo, mama. Nasema nalazimika kumpoza."

"Usimpoze! Alichukia baridi tangu mdogo."

"Nimewekwa kwa kazi hiyo. Jioni nitakuwa nimemmaliza."

Mama mkwe anaanza kulia bila sauti, huku akifunika sufuria. Nauliza kama hakuna njia.

"Dirisha likifunguliwa, mimi nazima," inasema mashine. "Ndivyo alivyonichora."

Mara jiko ni ukumbi tena, wageni wameondoka. Nashika komeo. Dirisha linakohoa.

"Nikifunguka, joto lake litatoka," linasema. "Mashine imchukue au aende mwenyewe. Kubaki hatabaki. Hilo hakulichora."

Namtazama mama mkwe. Amesimama kati ya rafu za vitabu, amevaa kanga yake ya jikoni.

"Mwache aende mwenyewe," anasema. "Kule hospitali hawakumwacha aende hivyo."

Nafungua. Kitu vuguvugu kinanipita shavuni, taratibu, kama mtu anayejibanza asikusukume mlangoni. Mashine inazima. Mama mkwe anachungulia nje kwa muda mrefu, kisha anasema makande yataungua.

Niliamka kumekucha. Tangu afariki nalala ukingoni, upande wake siugusi, hata shuka huwa halijikunji. Nilinyoosha mkono kutafuta simu, ukaangukia hapo. Godoro lilikuwa na joto, kama la mtu aliyeinuka sasa hivi kwenda kunawa uso.

Sikuinuka. Niliuacha mkono palepale mpaka likapoa.