Mikono Iliyombeba Nikolao

Siku muuguzi alipomtundika Nikolao kwenye mzani pale kliniki ya Mkunya, wanawake waliokuwa kwenye foleni waliacha kuzungumza. Mtoto wa miezi minne alining'inia ndani ya suruali ya kupimia, miguu myembamba, shingo imelegea. Muuguzi, msichana wa Bukoba aitwaye Esther, aliusoma mzani mara mbili, kisha akatia nukta kwenye kadi. Mwezi uliopita nukta ilikuwa kwenye kijani. Sasa ilikuwa imeshuka kwenye kijivu, na nyekundu ilikuwa chini yake, haifiki hata upana wa kidole.

Esther akauliza mtoto anakula nini. Valeria, mama yake, alifungua mdomo ajibu, lakini mama mkwe wake alimwahi. Dominika alisema mtoto ananyonya titi tu, hajui kitu kingine. Muuguzi akasema basi aendelee kunyonya, anyonye mchana na usiku, asionjeshwe uji wala maji mpaka atimize miezi sita, na arudishwe baada ya wiki mbili. Dominika aliitikia kwa adabu zote, kama mtu anayeitikia sala.

Uongo ule ulikuwa na kijiko chake nyumbani. Tangu mtoto alipotimiza mwezi mmoja, kila asubuhi Dominika alimkorogea uji mwembamba wa muhogo, kwa maji ya kisima cha uani, kile kinachokinga mvua za masika na kunywewa mwaka mzima. Kufika Julai maji yalikuwa yamebaki chini kabisa, yana rangi ya chai. Mtoto alikuwa akiharisha, Dominika anasema ni meno. Valeria aliona yote hayo akanyamaza, maana kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na mkamwana wa mwaka mmoja hana ubavu wa kumfundisha kulea mwanamke aliyelea watoto sita.

Njiani kurudi, wanawake wawili waliokuwa nyuma yao walilitamka neno lenyewe kwa sauti ya kutosha kusikika. Mtoto amebemendwa.

Kwa asiyelijua neno hilo, mtoto anayenyonya ana miiko yake. Mama akitoka nje ya ndoa, au baba, au yeyote mwenye joto la mambo hayo mwilini akambeba mtoto, basi mtoto hukonda, hulegea, na miguu yake hukataa kusimama. Ndiyo maana mtoto mchanga hupewa bibi ambebe. Bibi ameshaachana na mambo hayo, mikono yake ni baridi. Na kwa kuwa Optatus, mume wa Valeria, alikuwa Masasi miezi mitatu sasa akimjengea nyumba tajiri mmoja, watu hawakuhitaji kuumiza kichwa kumpata mkosaji.

Dominika hakungoja hata kivuli kigeuke. Walipofika tu alimkalisha Valeria kwenye mkeka jikoni akamwambia:

"Maziwa yako yamechafuka, Mama Niko. Mwanangu hayupo. Niambie ni nani."

Valeria alikana. Akalia, akakana tena. Dominika alimchukua mtoto, akamwingiza chumbani kwake, akasema hatanyonya tena titi hilo mpaka jina litajwe. Likitajwa, mambo ni mepesi: mwanaume ataitwa, watamwogesha mtoto dawa wakiwa wawili, na mtoto atarudishiwa titi lake siku hiyo hiyo. Valeria akahamishiwa stoo, kwenye magunia matupu ya korosho.

Mlango wa stoo haukutiwa kufuli. Ya nini? Akitoka kwenda Lupaso kwa mjomba wake, mtoto anabaki, na mwanamke anayekimbia huwa amekiri. Akikaa akinyamaza, mtoto hanyonyi. Akisema kweli, haaminiki. Njia iliyobaki ilikuwa kumsingizia mwanaume wa watu, amharibie ndoa yake na kuivunja ya kwake mwenyewe, ili mwanawe apewe titi. Alizunguka na mawazo hayo mle ndani mpaka kichwa kikamuuma, na kila alipozunguka alirudi pale pale.

Usiombe ukae chumba cha pili na mtoto wako anayelia njaa. Nikolao alipolia, maziwa ya Valeria yalitoka yenyewe yakalowesha gauni. Alikamua kwenye bakuli, akampelekea mama mkwe kwa magoti, amnyweshe hata kwa kijiko. Dominika alilichukua bakuli akaenda kuyamwaga kwenye majivu. Siku ya pili matiti yalikuwa magumu na ya moto, hata khanga ikigusa anaruka. Kwa upande wa pili wa ukuta alisikia kijiko kikigonga bakuli la uji, na mtoto akikitema, akipaliwa, akilia tena kwa sauti iliyokuwa ikipungua. Sauti ile kupungua ndiyo iliyomtisha kuliko kilio.

Alimpigia Optatus. Optatus hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mtoto wa mama yake. Alisema yeye hana ugomvi na mtu, Jumamosi atakuja na kikao kitakaa, aseme tu ukweli mtoto atibiwe. Valeria akakata simu.

Sasa, stoo ile ilikuwa na tundu la dirisha linalotazama uani, na uani kulikuwa na mashine ya kupulizia salfa kwenye mikorosho. Mashine hiyo iliugua tangu Mei. Fundi wake, Mzee Cuthbert, mjane wa mtaa wa pili, alikuja kuitibu kila Jumatano na Ijumaa baada ya chakula cha mchana, wakati watu wamejilaza. Ilikuwa na ugonjwa usiopona. Fundi aliifungua skrubu moja, akaiacha juani, akaingia ndani kunywa maji, na maji hayo yalinyweka kwa muda mrefu.

Valeria alilijua jambo hilo muda mrefu, na halikuwahi kumuudhi. Dominika alikuwa amefiwa na mumewe miaka sita iliyopita, na siku za fundi alikuwa akicheka peke yake jikoni na kuzidisha nazi kwenye kisamvu. Kulikuwa na ubaya gani? Lakini Ijumaa ile, akiwa ameshikilia matiti yake kwa mikono miwili, alimwona Cuthbert akitoka huku anafunga kifungo cha shati, na dakika hiyo hiyo Dominika akatoka nyuma yake na Nikolao begani, anambembeleza kwa utani wake wa siku zote, "Nyamaza, mume wangu, nyamaza." Alimwita mume kwa sababu mtoto alirithi jina la marehemu.

Hasira ilimpanda Valeria. Hata yeye alikuwa haelewi tena anaamini nini. Alipomkumbuka Esther aliona ni uji. Mtoto alipolia aliogopa kila kitu, miiko na dawa na joto la watu. Lakini kuisema aibu ile hangeweza. Unyagoni alifundishwa kwamba siri ya mkubwa haitoki kinywani mwa mdogo, na somo hilo alilipokea kwa fimbo. Halafu nani angemwamini mtuhumiwa anayemtuhumu hakimu wake?

Jumamosi asubuhi kikao kilikaa barazani. Optatus alikuja na vumbi la barabara ya Masasi kwenye nyusi. Mjomba Apolinari alitoka Lupaso kabla ya jua. Valeria alimpigia magoti, shikamoo, marahaba, na moyo wake ukapata mahali pa kushika, kwa sababu kwa desturi yao mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba akisema limesemwa. Dominika alikaa kwenye mkeka, mtoto mapajani. Nikolao alikuwa halii. Alikuwa akitazama tu, midomo imekauka.

Mjomba alisikiliza pande zote. Alimtazama mtoto, akavua kofia.

"Mwanangu Valeria," alisema, "mtu hafi kwa aibu. Huyu atakufa kwa njaa. Taja jina, mimi nitabeba yaliyobaki."

Hata yeye. Valeria alihisi ule mlango wa mwisho ukimfungikia usoni. Alimtazama mumewe, akakuta anatazama chini. Akamtazama mwanawe.

"Nitataja, Mjomba," alisema. "Lakini kwanza, kila aliyembeba Nikolao tangu azaliwe aweke mkono kichwani mwake, aseme mikono yake ni baridi. Naanza mimi."

Alisogea kwa magoti, akaweka kiganja kwenye utosi wa mtoto, pale panapopwita. Akasema tangu mwanawe azaliwe hajakutana na mwanaume yeyote, hata mumewe, na kama anadanganya mtoto amfie mkononi. Mjomba alimwita Optatus, naye akaweka mkono, akaapa kwa sauti ya kukwaruza. Ikabaki zamu moja.

Mikono ya Dominika ilikuwa tayari juu ya mtoto. Hakutakiwa kusogea wala kuinuka, ila kusema maneno machache tu. Kwa muuguzi alikuwa ameusema uongo bila kupepesa, na angeweza kuusema mbele ya wakwe pia, lakini si juu ya kichwa hiki. Katika nyumba ile hakuna aliyeiamini miiko kama yeye, na juu ya mkeka ule ndipo alipojiuliza, kwa mara ya kwanza, swali alilokuwa akiwauliza wengine. Wahenga walisema nyani haoni kundule. Siku ile aliliona, na mbele ya wakwe.

Mikono yake iliinuka polepole kutoka mwilini mwa mtoto, ikabaki hewani.

"Mpeni mama yake," alisema kwa sauti ndogo. "Anyonye."

Mjomba Apolinari alimtazama Dominika, akayafuata macho yake mpaka kwenye mashine ya salfa iliyoegemea ukuta wa uani, akakohoa. Kisha akavaa kofia na kuuliza kama mikorosho ya huku mwaka huu imetoa maua mazuri. Optatus peke yake alikuwa bado anasubiri jina. Valeria hakusubiri chochote. Alimchukua Nikolao, akampa titi pale pale mbele ya wanaume, na mtoto akalidaka kwa nguvu ambayo hakuna aliyejua kama bado anayo. Maumivu yalimfanya mama atoe machozi, na hakutaka yapungue.

Jina halikutajwa siku ile, wala baadaye. Wiki mbili zikapita kwa titi peke yake, kijiko cha uji Valeria amekificha kwenye magunia. Esther alimpima mtoto, akatia nukta mpya, na nukta ilikuwa imepanda. Valeria alipomweleza habari ya uji, alisema kuhara ndiko kulikokuwa kumemmaliza, na kwamba uji na maji ya kisima mtoto wa umri huu hayawezi. Dominika hakuyasikia hayo, kwa sababu siku hizo hakwenda kliniki.

Hakwenda popote. Alipika, alifagia, alimwekea mkwe wake maji ya kuoga, lakini mtoto hakumgusa. Nikolao alipomnyooshea mikono, bibi alificha ya kwake ndani ya khanga na kupita. Mashine aliitoa nje ya ua, na Cuthbert alipokuja Jumatano aliikuta kwenye majani, akaibeba akaondoka nayo. Nazi ilipungua kwenye mboga, na mwenye kuipika naye akapungua.

Tusipakane mafuta kwa mgongo wa chupa: Valeria alifurahi. Aliona mtego uliokuwa wake umemnasa mwenye kuutega, na kwa siku kadhaa alilala usingizi mzuri. Tena palikuwa na faida. Bibi asiyemgusa mtoto hawezi kumlisha uji.

Mpaka asubuhi moja, akimnyonyesha chumbani, akasikia sauti upande wa pili wa ukuta ule ule. Dominika alikuwa akizungumza na marehemu mumewe. Alimwomba msamaha kwa kumuunguza mtoto aliyebeba jina lake. Alirudia neno hilo, nimemuunguza, nimemuunguza, na kati yake akawa analia kwa sauti inayopungua.

Valeria aliijua sauti ya namna hiyo. Akisema kweli, atakuwa amemfungulia bibi, na bibi huenda akarudi na bakuli lake. Akinyamaza, mtoto yuko salama, na mwanamke mmoja atakauka taratibu kwa kosa ambalo si lake. Kosa lake alikuwa nalo, ila lilikuwa jingine.

Akainuka na mtoto, akaingia bila kubisha.

"Mshike, Mama. Hukumuunguza. Ulikuwa uji na maji ya kisima. Muuguzi ameniambia kwa kinywa chake."

"Uji?" Dominika alifuta macho. "Uji huu huu niliomlelea Optatus?"

"Huo huo. Kijiko ninacho mimi, na sikirudishi mpaka atimize miezi sita. Mshike."

Dominika alimtazama kutafuta dhihaka usoni mwake, akaikosa. Hakuamini, au hakujua tena aamini kipi, kwa kuwa huku alisamehewa jambo moja na huku akapewa jingine la kujutia. Akavua khanga, akaikunja mara mbili, akaitandika mapajani kwanza, kama mtu anayepokea chungu kutoka jikoni, ndipo Valeria akamweka mtoto juu yake. Mikono ya bibi ikabaki hewani. Nikolao hakuwa na habari na khanga wala miiko. Aliudaka mmoja, akachagua kidole, akakitia mdomoni, na safari hii Dominika hakuuondoa mkono wake.